Lita Nne za Maji



Kuna maneno ambayo nyumbani kwetu hayatamkwi mezani, na mara nyingi hayatamkwi popote. Choo ni mojawapo. Damu chooni ni jingine. Tulipoombwa kuandika juu ya kuwasindikiza wagonjwa, huenda wengi walitarajia habari za kitanda cha hospitali, chupa ya seramu na rozari mkononi. Sisi tutaandika juu ya choo, kwa kuwa huko ndiko baba yetu alikoficha ugonjwa wake kwa miaka minne.

Sisi ni ndugu wanne, watoto wa mkulima wa kakao wa upande wa Beni. Baba aliona damu kwa mara ya kwanza mwaka 2019. Ninyi mnaukumbuka mwaka ule, hata wale mliokuwa bado watoto. Ebola ilikuwa imetangazwa rasmi tarehe 1 Agosti 2018, ikianzia Mangina, na haikutangazwa kuisha hadi tarehe 25 Juni 2020, watu zaidi ya 2200 wakiwa wamekwisha kufa. Katika miezi ile mtu mwenye kutoka damu hakuhesabiwa kuwa mgonjwa wa tumbo, alikuwa kesi. Jirani alipiga simu, gari la riposti likaja, na mtaa mzima ukasimama milangoni kutazama. Hatusemi kwamba kupelekwa kulikuwa kubaya. Wengi walipona katika vituo vile, na chanjo iliwaokoa wengi zaidi. Tunaeleza tu jinsi mtu mwenye hofu alivyofikiri. Baba alifikiri hivi: nikisema, nitachukuliwa, nikinyamaza, huenda itakoma yenyewe. Akawa anamwaga majivu kila atokapo chooni.

Damu ilikoma, ikarudi, ikakoma tena. Ebola ilipita, lakini mazoea ya kuficha hayakupita pamoja nayo. Ni mama aliyegundua, si kwa kuona damu, bali kwa kuona mshipi: baba alikuwa ametoboa tundu jipya, kisha la pili. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama vya mtu aliyeshika unga. Kabla ya kufika kwa daktari alikuwa amekwisha kupita maduka ya dawa kwa siri, na kila duka lilimpa jibu lake: amiba, minyoo, bawasiri. Haikuwa ujinga, kwa maana mara nyingi katika nchi yetu damu ya choo hutokana na hayo. Lakini damu inayorudi baada ya dawa, pamoja na kukonda na kuishiwa nguvu, haiachwi kwa muuza duka.

Daktari aliyempokea Butembo alimpa vidonge vya madini ya chuma kwa ajili ya upungufu wa damu, kisha akamwandikia kipimo kiitwacho kolonoskopi. Alitueleza kwa utulivu: mrija mwembamba unaopinda, wenye taa na kamera nchani, huingizwa kwa njia ya haja kubwa na kupanda ndani ya utumbo mpana, ambao urefu wake ni kama mita moja na nusu. Daktari huona ukuta wa ndani kwenye kioo cha televisheni, na akikuta kinyama kimeota, mara nyingi anaweza kukikata hapo hapo. Vinyama hivyo huitwa polipu. Vingi havidhuru, lakini baadhi yake hugeuka kuwa saratani polepole, kwa miaka mingi, yapata kumi. Ndiyo maana kukikata kinyama ni kuiwahi saratani njiani.

Kisha akasema jambo ambalo hatukulitarajia kwa daktari: kwamba sehemu ngumu ya kazi si yake, ni ya nyumbani. Utumbo usiposafishwa, kamera hupita juu ya kinyama kilichofunikwa na uchafu bila kukiona, na mgonjwa hurudi kwake akiwa na karatasi isemayo kwamba yu mzima. Fedha zilizotoka kwenye likelemba ya mama zingekuwa zimelipia karatasi hiyo.

Alitupa maelezo ya ukurasa mmoja, kwa Kifaransa. Hapa tunawasemesha ninyi hasa, vijana, kwa kuwa ninyi ndio wasomaji wa karatasi za Kifaransa majumbani kwenu. Tuliketi jioni nzima tukiigeuza kwa Kiswahili na Kinande, mstari kwa mstari, maana baba hakutaka kusomewa kwa haraka. Palipoandikwa chakula kisichoacha mabaki, aliuliza: «Chakula gani hicho kisichoacha kitu? Hata maneno huacha kitu.» Tulicheka, naye akacheka, na nadhani zetu ni kwamba hapo ndipo alipokubali.

Juma moja kabla ya kipimo, daktari alimwachisha vile vidonge vya chuma, kwa sababu huufanya uchafu wa tumbo uwe mweusi na kunata ukutani. Dawa yake ya shinikizo la damu aliambiwa aendelee nayo. Msiige mpango huu kwa mzee mwingine. Mwenye kisukari, au anayemeza dawa ya kuzuia damu isigande, ana mpango wake, naye daktari lazima aambiwe dawa zote, hata zile za majani.

Siku tatu za mwisho zilikuwa za kuacha vyakula vyetu vyenyewe. Hakuna maharagwe, hakuna sombe, hakuna mahindi, hakuna marakuja na mbegu zake. Alikula wali mweupe, mayai, mkate mweupe, na samaki wa Ziwa Eduardi aliyeondolewa ngozi na miiba. Baba alilalamika kwamba analishwa kama mtoto mchanga. Jambo la ajabu ni kwamba vyakula alivyokatazwa ndivyo vinavyoulinda utumbo katika siku za kawaida. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda kwa karibu miaka 20 tangu 1946, aliona kwamba saratani ya utumbo mpana ilikuwa nadra miongoni mwa wanakijiji wa huko kuliko kwao Ulaya. Katika miaka ya 1970 akaandika kwamba sababu moja ni vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi, visivyokobolewa, vinavyopita tumboni upesi. Wengi walimcheka kwa kuwa alichunguza hata uzito wa kinyesi. Leo hakuna anayecheka. Kwa hiyo siku tatu za wali mweupe ni za kipimo tu, na baada yake tunarudi kwenye maharagwe.

Lakini shida kubwa haikuwa chakula. Ilikuwa mahali. Kipimo kilipangwa saa tatu asubuhi, mjini Butembo. Dawa ya kusafisha, iitwayo makrogoli, ni unga unaoyeyushwa katika lita nne za maji: lita mbili jioni, na lita mbili nyingine kuanzia saa kumi alfajiri. Kati ya Beni na Butembo ni kilomita kama 54, na ninyi mnajua barabara ile usiku. Baba hakuweza kulala kwake. Ilimpasa kulala Butembo, na Butembo tuna nyumba moja tu: ya dada yetu mkubwa, yaani kwa mkwe.

Baba alisema hapana. Alisema ni afadhali kufa kwa heshima kuliko kuhara usiku kucha uani kwa mume wa binti yake, katika kiwanja chenye kaya tano na choo kimoja. Hatukuwa na jibu. Mwenye jibu alikuwa mama. Alimkumbusha kwamba Jumapili tarehe 12 Julai 1992, wakati wa sala ya Malaika wa Bwana, Papa Yohane Paulo II aliutangazia umati uliokuwa chini ya dirisha lake kwamba jioni ile angeingia hospitalini kupimwa. Siku tatu baadaye alipasuliwa na kutolewa uvimbe wa utumbo mpana. Naye Papa Fransisko, tarehe 4 Julai 2021, alikatwa sehemu ya utumbo huo huo katika hospitali ile ile ya Gemelli, Roma, na habari ikafika hadi kwenye redio zetu. «Dunia nzima ilijua habari za utumbo wa Baba Mtakatifu,» mama alisema, «na wewe unamwogopa mkweo mmoja?» Baba hakujibu, lakini asubuhi alifunga mfuko wake.

Mkwe huyo, Mungu ambariki, hakusema neno. Baba alipofika alikuta nyuma ya jiko turubai limezungushwa kwenye miti minne, ndani mna kiti kilichotobolewa, ndoo, majivu, sabuni na taa. Bidoni kumi za maji ya chemchemi zilikuwa zimepangwa ukutani; alikuwa amezipandisha mlimani mwenyewe, kazi ambayo kwetu huachiwa wanawake na watoto. Lita nne za kunywa zilikuwa zimechemshwa tangu jana yake na kupozwa. Alimsalimu baba mkwe wake kwa adabu, akasema ana safari ya kumtazama ndugu yake, akaenda kulala huko ili mzee awe huru. Hatujui adabu iliyopita hiyo.

Jirani mmoja alikuja na shauri lake: ya nini kuteseka na lita nne, na bomba la mpira lipo, na majani yapo, na pilipili ipo? Wengi wenu mmekulia katika nyumba zenye bomba hilo. Tulimshukuru, tukamweleza kwamba bomba husafisha sehemu ya chini tu na kuacha mita nzima juu bila kuguswa, na pilipili huunguza ukuta wa utumbo, hata daktari aone vidonda tulivyovifanya sisi wenyewe.

Siku ile baba alikunywa vitu vyeupe tu: mchuzi uliochujwa, chai bila maziwa, maji ya sukari. Hakuna kinywaji chekundu, kwa maana ndani ya utumbo rangi hiyo hudhaniwa kuwa damu. Saa kumi na mbili jioni tukaanza dawa, gilasi moja kila robo saa. Ladha yake ni ya chumvi iliyolala ndani ya plastiki. Sisi ambao hatujaona bahari tulikubaliana kwamba lazima bahari iko hivyo. Kila alipoinua gilasi yake, nasi tuliinua ya kwetu, ya maji matupu. Kwenye gilasi ya tano alitapika. Tukangoja nusu saa, kama karatasi ilivyoagiza, tukaendelea polepole. Baridi ya Butembo na lita mbili za maji tumboni vilimtetemesha, tukamfunika blanketi mbili.

Kisha tumbo likafunguka, na kazi ya turubai ikaanza. Alikuwa dhaifu, hakuweza kwenda peke yake. Wawili wetu tulimshika mkono hadi mlangoni, kisha tukasimama tukimpa mgongo na kunyoosha kitenge nyuma yetu, naye alipotuona hivyo akasema kwamba wana wa Nuhu nao walitembea kinyumenyume. Karatasi ilitaka mtu aangalie rangi, maana rangi ndiyo kipimo cha usafi: ya udongo, kisha ya mto baada ya mvua, kisha ya manjano angavu kama chai nyepesi. Hatukuthubutu kumwomba. Alimwaga majivu mwenyewe, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu.

Yapata saa nane usiku alituita kwa majina, wote wanne, na dada pia.

«Njooni mtazame.»

Aliinua taa mwenyewe. Ndani ya ndoo palikuwa na maji ya udongo, na juu yake uzi wa damu, mwembamba, mwekundu. «Ndiyo hiyo,» alisema. «Tangu 2019.» Hakuna aliyesema kitu. Dada alichukua ndoo, akaimwaga, akaiosha kwa sabuni, akairudisha.

Saa kumi alfajiri tukaanza lita mbili za pili, na saa kumi na mbili kasoro maji yalikuwa ya manjano, hata chini ya ndoo kuonekana. Baada ya hapo hakunywa kitu. Tulimpeleka kwa gari la kukodi, si kwa pikipiki, na mmoja wetu alitakiwa kutia sahihi kwamba hatamwacha peke yake hadi jioni, kwa kuwa dawa ya usingizi hukaa mwilini hata mtu anapodhani ameamka.

Daktari alikuta polipu mbili. Ndogo ilikuwa kama punje ya mtama, kubwa ilikuwa kama punje ya haragwe, nayo ilikuwa ikivuja damu. Alizikata zote mbili na kuzipeleka maabara. Majibu yalichukua majuma kadhaa, na majuma hayo tusingependa kuyarudia: polipu kubwa ilikuwa imeanza kubadilika, lakini saratani haikuwamo bado. Alisema kwamba asingeiona kama utumbo ungekuwa mchafu, maana ilijificha nyuma ya kunjo. Baba ameandikiwa kurudi baada ya miaka mitatu, na tarehe hiyo ameibandika ndani ya jalada la kitabu chake cha nyimbo.

Tulipoinuka ili kuaga, daktari alitushika kidogo, akauliza umri wetu, mmoja mmoja. Alisema kwamba mtoto wa mtu aliyekutwa na polipu ya namna ile hushauriwa kuanza kupimwa afikapo miaka 40, hata kama hana dalili yoyote. Kaka yetu mkubwa ana miaka 42. Alitazama sakafu, akaanza kueleza habari za kazi, na safari ya Kasindi, na msimu wa kakao.

Baba alimkatiza. Alimwambia kwamba turubai bado liko kwa mkwe, na kwamba usiku huo atakuja mwenyewe kushika taa.