Dakawa: Mwalimu Agoma Jina Lake Kuandikwa Ukutani, Kisa Mama Ntilie

Wadau, mnaikumbuka asubuhi ya tarehe 15 Septemba 2025? Watu wameamka, hata uso hawajanawa, wanashika simu wanakutana na Alphonce Simbu kabeba dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo. Saa 2, dakika 9 na sekunde 48, muda uleule na Mjerumani Amanal Petros, mpaka picha ya mstarini ikaamua. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Siku hiyo kila status ilikuwa bendera.

Sasa kule Dakawa, ile ya Mvomero, barabara ya Morogoro kwenda Dodoma, kuna mzee mmoja hana status wala simu ya kupangusa. Habari aliipata redioni. Alichofanya ni kuchukua daftari lake la zamani, lile la jalada gumu, akaandika tarehe, akaandika na muda wa Simbu, akalifunga. Basi.

Jina lake liachwe. Dakawa nzima inamwita Mwalimu na inatosha. Alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na jioni alikuwa anafundisha watoto kukimbia kwenye kiwanja kilicho karibu na majaruba ya mpunga. Hakuna aliyemlipa. Raundi alipima kwa kamba na vigingi, muda alichukua kwa saa yake ya mkononi, na filimbi aliinunua kwa hela yake. Watoto walikimbia peku, na mvua ikinyesha walikimbia kwenye tope hivyohivyo.

Hadithi yake kubwa ilikuwa ya Filbert Bayi. Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, New Zealand, Michezo ya Jumuiya ya Madola, mita 1500. Bayi akatangulia tangu mwanzo, akakata upepo peke yake, John Walker akamfukuza mpaka mwisho na hakumpata. 3:32.16, rekodi ya dunia. Watoto wa Dakawa waliijua namba hiyo kabla hawajaijua tebo ya saba. "Usiogope kutangulia," Mwalimu alikuwa anawaambia, "anayekuogopesha yuko nyuma yako."

Miaka ikaenda, wale watoto wakawa watu wazima. Kuna aliyeingia jeshini kwa sababu ya mbio, sasa ni sajenti. Kuna mwalimu wa michezo Dodoma, kuna dereva Muscat, kuna waliobaki palepale wanalima mpunga. Sajenti ndiye aliyefungua kundi la WhatsApp, mwanzoni kwa utani tu, watu wanatupia picha za zamani na kuchekana miguu ilivyokuwa myembamba. Usiku mmoja yule wa Muscat akaandika: "Mwalimu anazeeka jamani. Tutamshukuru lini, msibani?"

Kundi zima likanyamaza kama dakika kumi hivi. Halafu likawaka.

Wazo likawa Ukuta wa Heshima. Wenzetu Marekani wana jumba zima la heshima la mpira wa kikapu pale Springfield, na mwaka 2015 aliingizwa Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa. Sisi hela ya jumba hatuna, wakasema, ila ukuta upo. Pembeni ya kile kiwanja kuna stoo ya tofali, ukuta wake mmoja unatazama barabara. Upakwe rangi, yaandikwe majina. Juu kabisa awe Mwalimu, chini yake wafuate vijana wake.

Na usidhani ni mambo madogo. Mkoa wa Morogoro unasahau haraka sana. Nenda stendi ya Msamvu leo, muulize kijana aliyevaa jezi timu gani ya Morogoro ilikuwa bingwa wa Tanzania mwaka 1975. Atakuangalia kama umechanganyikiwa. Ni Mseto, bana, Mseto ya Morogoro mjini. Na Mtibwa Sugar walibeba ubingwa mara mbili mfululizo, 1999 na 2000, hapohapo Mvomero. Mashabiki wanaweza kukutajia kikosi cha Arsenal cha mwaka wowote, ila wa Mseto watano tu watakushinda. Kama mabingwa wa nchi wanasahauliwa hivyo, kocha wa watoto wa kijijini atakumbukwa na nani?

Basi mchango ukaenda vizuri, kila mtu buku kumi, wenye nazo wakaongeza. Wakaweka na kigezo ili pasiwe na ugomvi: anaandikwa aliyefika timu ya mkoa au zaidi. Majina yakapatikana kumi na moja. Sajenti akachukua likizo, akaja na orodha imechapwa vizuri, akaenda kwa Mwalimu kumpa taarifa. Sio kumwomba ruhusa, kumpa taarifa tu, maana nani anakataa kuheshimiwa?

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Kaa."

Mwalimu akavaa miwani, akasoma orodha taratibu, kidole kinashuka jina kwa jina. Akafika chini, akarudi juu. Akauliza, "Yule binti wa ng'ambo ya mfereji yuko wapi?"

Sajenti akajibu kwa adabu kwamba yule hakufika mkoa.

"Hakufika kwa sababu mimi sikumpeleka," Mwalimu akasema. "Jina lake kama halipo, na langu msiandike."

Sajenti akadhani mzee anatania. Mzee hakuwa anatania. Akamwita mjukuu alete daftari.

Hapo ndipo ishu yenyewe ilipo. Miaka ishirini na kitu iliyopita ilitakiwa kupelekwa watoto Morogoro mjini kwenye mchujo wa mkoa. Nauli hakuna, hela ya kula kambini hakuna, shule ikasema haina. Wazazi wakachanga, na mchango ukatosha mtoto mmoja tu. Mwalimu alikuwa na wawili wa kuchagua. Mmoja msichana, mita 1500 alikuwa anawaacha wenzake mpaka wanabaki kama wanatembea. Daftari limeandika 4:58, peku, kwenye majani, na wa pili yake 5:27. Mwingine mvulana, mzuri ila kwa wavulana alikuwa wa tatu.

Watu wazima wakakaa kikao. Wakasema huyu wa kike ataolewa kesho kutwa, hela yetu itakuwa imepotea. Wakasema wa kiume ataweza kujitegemea. Mwalimu anasema alikuwa na daftari mkononi, namba zote anaziona, na hakufungua mdomo. Akampeleka wa kiume. Yule binti akamwambia, "Mwakani, mwanangu. Mwakani zamu yako."

Mwakani haikufika. Mama wa binti aliumwa, binti akaacha shule, akasimama yeye kwenye banda la chakula.

Na huyo mvulana wa tatu ndiye sajenti.

Hebu jiweke kwenye nafasi yake. Umekuja na orodha uliyoiandaa mwenyewe, jina lako lipo namba mbili, unaambiwa kazi yako, nyumba yako, ada ya wanao, vyote vilianza na nauli ambayo kwa haki haikuwa yako. Na aliyekuambia si adui, ni mtu unayempenda kama baba. Sajenti hakupata neno. Aliaga akaondoka na karatasi yake.

Kesho yake mchana akaenda kwenye lile banda. Ukishuka Dakawa unalijua tu, wali wake haugandi, maharage ya nazi, mchele wa palepale. Mama ntilie anamjua, walikua wote. Sajenti akaagiza, akala nusu, akabaki anachezea kijiko.

"Umekuja kula au umekuja kunitazama?" mama ntilie akauliza.

Ikabidi aseme yote. Mama ntilie akasikiliza huku anapakua sahani za wateja wengine, mkono hautetemeki. Alipomaliza akamwambia, "Nilijua siku ileile. Dakawa hii ndogo, kikao cha watu wazima kinafichwa wapi? Ulikuwa mtoto, hukuiba kitu. Ila msiniandike kwa kunionea huruma. Mkitaka kuniandika, andikeni na muda wangu."

Ile sentensi ya mwisho ndiyo iliyolibadilisha kundi zima. Ubishi ulikuwepo, usidanganyike. Wapo waliosema kigezo ni kigezo, ukimwingiza mmoja kila mtu atadai. Wapo waliosema mzee anasumbuliwa na umri. Yule wa Muscat akauliza swali moja tu: "Kati yetu kumi na moja, nani aliwahi kumshinda yule dada kwenye mazoezi akiwa na umri wake?" Waliojibu walikuwa wawili, na mmoja akafuta ujumbe wake. Kigezo kikabadilishwa. Anaandikwa ambaye daftari la Mwalimu linamshuhudia.

Siku yenyewe ikawa Jumamosi, mpunga umeshavunwa. Hakukuwa na mgeni rasmi wala zulia jekundu. Kulikuwa na pilau, spika moja ya kukodi, fundi rangi amemaliza usiku wake, na Uluguru kwa mbali imejifunika mawingu kama kawaida yake. Watoto walikimbia kwanza. Mwalimu alikaa kwenye kiti cha plastiki na saa yake ileile, anapiga muda.

Akapewa kipaza sauti. Watu walijua atashukuru, kama wazee wanavyofanya. Yeye akasimama akamtazama mama ntilie, akasema mbele ya wote kwamba alikosea, kwamba haki aliijua na akanyamaza kwa kuogopa watu wazima wenzake, na kwamba kila alipomsimulia mtoto habari za Bayi, asiogope kutangulia, alikuwa anajisikia aibu. Akasema, "Nisamehe, mwanangu." Mzee wa miaka sabini na, mbele ya wajukuu.

Kwenye filamu hapo wangekumbatiana. Dakawa haikuwa hivyo. Mama ntilie alisimama na kanga yake kiunoni, akasema, "Mwalimu, nilikukasirikia miaka mingi. Nilikuwa nikipita hapa uwanjani nageuza uso. Leo nimekusikia. Binti yangu yuko darasa la sita na anakimbia. Yeye asiambiwe mwakani." Akakaa. Baada ya nusu saa alikuwa amesharudi bandani, wateja wa basi wanasubiri.

Ila neno lake halikuanguka chini. Hela iliyobaki kwenye rangi na pilau ikawekwa pembeni, ikaitwa Nauli. Kila mwanakundi anatuma kidogo kila mwezi. Shule za msingi zikiingia UMITASHUMTA na sekondari UMISSETA, hakuna mtoto wa kiwanja kile atakayeachwa kwa kukosa nauli, awe wa kike au wa kiume. Mtunza hela amechaguliwa mama ntilie, na wanaomjua wanasema hapo hata shilingi haipotei.

Ukipita Dakawa tazama ule ukuta. Juu kuna neno Mwalimu na jina lake. Chini yake majina kumi na mbili, na moja tu ndilo lenye namba mbele yake: 4:58, peku.

Sasa tuseme ukweli, wadau. Nchi hii wanariadha wa kuheshimiwa tunao, sio wa kuazima. Bayi, na mwaka uliofuata rekodi ya Christchurch akaweka nyingine ya maili moja kule Kingston, Jamaika, 3:51.0. Moscow 1980 yeye na Suleiman Nyambui wakarudi na fedha mbili. Juma Ikangaa alishinda New York mwaka 1989. John Stephen Akhwari alimaliza wa mwisho marathoni ya Mexico 1968, ameumia, zaidi ya saa moja nyuma ya Mamo Wolde aliyeshinda, na mpaka leo dunia inamtaja yeye kuliko wengi waliomtangulia. Akhwari peke yake anatosha kutufundisha kwamba heshima haiangalii medali tu.

Lakini nyuma ya kila mmoja wao kulikuwa na mtu wa kwanza kumwambia "kimbia nikuone". Simbu tumemtupia bendera wote, sawa kabisa. Wangapi wanaweza kutaja jina la mtu wa kwanza kumfundisha? Na pembeni ya kila aliyefika kuna mwenzake ambaye nauli haikutosha. Yule hatumjui kwa sababu hakuna aliyeandika. Mwalimu wa Dakawa alikosea, kweli, ila aliandika. Bila lile daftari, leo 4:58 ingekuwa stori ya kijiweni ambayo hakuna anayeiamini.

Kwa hiyo kabla hujaposti RIP ya kocha wako na mishumaa kumi, nenda kamsalimie akiwa hai. Mpelekee hata sukari kilo moja. Muulize na swali gumu: nani ulimwacha?

Haya, zamu yenu sasa. Kitaani kwako nani angestahili kuandikwa ukutani, na nani nauli yake haikutosha? Dondosheni stori zenu hapo chini. Majina ya watu binafsi acheni, muda na mabao wekeni.