Shorobo wa Nyungwe na lantana ya Muhima

Nyumbani kwetu Muhima, nchini Rwanda, kwenye mteremko unaoshukia Nyabugogo, ua wetu ulikuwa wa lantana. Watoto wa mtaa tuliujua vizuri. Kishada kimoja kilikuwa na rangi mbili au tatu: manjano katikati, kwa maua yaliyochanua punde, na waridi au nyekundu pembeni, kwa yale yaliyokwisha kutembelewa na vipepeo. Ukifikicha jani, harufu kali iliganda mkononi. Jirani yetu mfugaji hakutaka kabisa mbuzi wake waliguse, kwa kuwa lina sumu. Vitunda vyake vyeusi shore walivigombania tangu alfajiri.

Shorobo, ndege wa msituni, nilimjua kwa masimulizi ya mjomba, dereva wa basi la Cyangugu. Safari moja alinichukua. Basi likapata pancha katikati ya msitu wa Nyungwe, tukashuka.

"Mjomba, tazama juu!" akaniambia.

Alikuwa shorobo mwenyewe, wa kijani na buluu, akikimbia juu ya tawi, mwepesi kama kindi. Alipofungua mabawa kuvuka barabara, wekundu ulinishtua. Kwa miaka mingi sikukoma kumsimulia kila aliyenisikiliza.

Baadaye nilisoma kwamba wekundu ule una madini ya shaba, na duniani kote jamii ya shorobo peke yao ndio wenye rangi hiyo. Haubadiliki kama ua la lantana.

Wote wawili wanaishi kwa matunda: shorobo huyala na kusambaza mbegu za miti ya msituni, na lantana husambazwa na ndege wanaoyala ya kwake. Tofauti yao ni kubwa. Lantana ilitoka Amerika ya Kati na Kusini, na hustawi palipokatwa miti. Shorobo niliyemwona, aitwaye shorobo wa Ruwenzori, yuko katika misitu ya milimani ya Rwanda, Burundi, Uganda na Kongo tu. Msitu ukifyekwa, hana pa kuhamia.

Mwaka 2023 UNESCO iliiingiza Nyungwe katika Urithi wa Dunia. Nilifurahi mno. Lantana itaota hata tusipoitaka. Shorobo anahitaji msitu, na msitu unatuhitaji sisi. Basi tuulinde.