Mama Alipobaki Ng'ambo

Sisi tuliokulia Makupa tumezoea chombo kinachosikia maneno. Ukipitishwa kituo chako utapaza sauti, "Shukisha!", utingo atagonga bati na gari litasimama. Treni ya Dubai haina utingo wala dereva. Tangu ilipoanza, tarehe 9 Septemba 2009, yaenda kwa mitambo, na milango yake hujifunga yenyewe.

Nilikwenda kutembea na mamangu mzazi, tukafikia Deira, ambako njia ya treni hupita chini ya ardhi. Siku ya tatu akatamani kuuona mnara wa Burj Khalifa. Tukateremka kwa ngazi za umeme hadi stesheni ya Union, naye kaung'ang'ania mkono wangu. Tukasimama penye behewa la wanawake na watoto. (Mwanamume akiingia humo hutozwa faini ya dirham 100, jambo lililomfurahisha Mama kupita mnara wenyewe.) Treni ilipofika nikatangulia ili nimwekee kiti. Kugeuka, milango imekwisha kufungwa, na Mama yuko upande wa pili wa kioo, midomo yake yataja jina langu.

Stesheni ifuatayo ni BurJuman, na kuifikia treni hupita chini ya Khor, ule mkono wa bahari uigawao Dubai. Nikawa kama aliyepanda feri ya Likoni akamwacha mzee wake gatini. Na humo njiani ndipo nilipokumbuka kwamba kadi zetu zote mbili zimo mkobani mwangu. Nilikuwa nimejiona mimi ndiye mjuzi wa safari. Pasipo kadi mtu hapiti mlangoni kutoka. Simu hakuchukua. Kiarabu chake ni cha msahafu na sala. Wala hatukuwa tumeagana, tukipotezana, nani angoje na nani arudi. Nikamwomba Mungu asipande treni ya nyuma kunifuata.

Nilirudi kwa treni ya kwanza niliyoipata. Nikamkuta palepale, ameketi, tasbihi mkononi, na ubavuni pake bibi mmoja wa Kisudani aliyeziacha safari zake ili asimwache peke yake.

Nikaanza kulia na kuomba radhi. Mama akanitazama kitambo.

"Nipe kadi yangu," akasema.

Treni iliyofuata, aliingia yeye kwanza.