Maneno ya Gereji ni Mali ya Nani?

Katika fakulti yetu tunafundishwa kukusanya maneno. Tunajifunza jinsi ya kumhoji msemaji, kurekodi, kuandika matamshi na kupanga fasili. Swali moja hatufundishwi, nalo hutusubiri siku kazi inapokwisha: orodha ile ni mali ya nani, na nani ana ruhusa ya kuinakili, kuisahihisha au kuiuza? Mwaka huu nimelazimika kulijibu mwenyewe, na katika kulijibu nimejikuta nikisoma mambo ya programu za kompyuta kuliko ya isimu.

Kwa ajili ya memwari yangu nilikusanya msamiati wa gereji za Katuba na za komini ya Kenya. Humo mna maneno kama bugi, freni na pine, yaliyotoka katika Kifaransa yakakaa katika Kiswahili chetu kama wenyeji, na mna mengine yaliyozaliwa papo hapo katikati ya mafuta na vyuma. Orodha ilifika maneno 640. Kabla sijaitetea, kampuni moja ya nje iliniandikia kupitia mtu tunayefahamiana. Ilitaka kuinunua kwa ajili ya programu yake ya kuandikia kwenye simu. Fedha iliyotajwa ilitosha minervali ya mwaka mzima na kubaki. Sharti lilikuwa mstari mmoja tu: haki zote, duniani kote, kwa muda wote.

Kwanza nilitaka kujua kama nina kitu cha kuuza. Sheria yetu ya hakimiliki, au haki ya mwandishi kama tunavyosema kwa kufuata Kifaransa, ni Amri-Sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, ya enzi za Zaire. Inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Lakini hakimiliki hulinda kazi iliyoandikwa, hailindi neno. Neno bugi si langu na haliwezi kuwa langu. Fasili yangu ya bugi, mfano nilioutunga na mpangilio wa orodha, hivyo ndivyo vyangu. Basi kampuni isingenunua Kiswahili cha gereji. Ingenunua kalamu yangu, na mwanafunzi atakayenifuata angelazimika kuomba ruhusa ng'ambo ili aendeleze kazi iliyofanyika mtaani kwake.

Wanafunzi wengi tunaijua sheria hii kupitia kibanda cha fotokopi. Mwalimu anaandika silabusi kwa jasho lake na anatarajia iuzwe. Mwanafunzi mmoja ananunua, wenzake kumi wananakili. Mwalimu ana haki ya kulalamika, na mwanafunzi asiye na faranga ana njaa ya kusoma. Mjadala wetu huishia hapo: kunakili ni wizi au si wizi. Kwangu hilo ni nusu tu ya swali. Silabusi yenye kosa ikinakiliwa mara kumi, kosa nalo limeongezeka mara kumi, na hakuna hata mmoja kati ya wale kumi aliyeruhusiwa kulirekebisha na kuwapa wengine toleo lililo bora. Ruhusa ya kusahihisha na kuongeza ndiyo inayoamua kama maarifa yatakua au yatachakaa.

Watu wa kompyuta walilitambua jambo hili kabla yetu. Programu huandikwa kwanza kwa lugha ambayo binadamu anaweza kuisoma. Huo huitwa msimbo wa chanzo. Kisha hugeuzwa kuwa tarakimu ambazo mashine inazifuata. Kampuni nyingi huuza zile tarakimu na kuuficha msimbo. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU ili kutengeneza programu ambazo kila mtu anaweza kuzisoma, kuzibadilisha na kuzigawa. Mwaka 1989 ikatoka leseni yake, GPL. Miaka miwili baadaye Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki, akatoa Linux. Leseni yake ya kwanza ilikataza mtu yeyote kuchukua fedha kwa kuigawa. Mwaka 1992 aliiacha akachukua GPL, ambayo inaruhusu kuuza lakini inadai kitu kingine: ukiibadilisha programu na kuwapa wengine, wape na msimbo wako, kwa masharti yaleyale uliyoipokelea.

Wengi hudhani kwamba programu huria ni kuitupa hakimiliki. Kinyume chake, inasimama juu yake. Kwa kuwa mimi ndiye mwenye haki, naweza kuweka sharti kwamba mlango usifungwe. Hapa Lubumbashi hatuhitaji falsafa ya mbali ili kulielewa hilo; tuna likelemba. Kila mmoja anatia, kila mmoja anapokea kwa zamu yake, na anayepokea kisha akaacha kutia anawavunjia wote. GPL ni likelemba iliyoandikwa kisheria.

Hataza, yaani breve kama tunavyoiita hapa, ni jambo jingine. Hakimiliki hulinda maandishi. Hataza hulinda njia yenyewe ya kufanya kitu. Kwa mfano wa kwetu: hakimiliki inakukataza kunakili kamusi yangu, lakini hataza ingekuwa sawa na kukukataza kupanga maneno kwa alfabeti, hata kama hukuwahi kuiona kamusi yangu. Hilo lilitokea kweli katika picha za GIF. Njia ya kubana data iliyomo ndani yake ilikuwa na hataza ya Marekani iliyomilikiwa na Unisys, na mwisho wa mwaka 1994 kampuni hiyo ikaanza kudai malipo kwa watengenezaji wa programu waliokuwa wakiitumia GIF siku zote. Jibu lao lilikuwa kubuni aina mpya ya picha, PNG, isiyo na kizuizi hicho. Ulaya nayo ilijadili sheria ya hataza za programu, na tarehe 6 Julai 2005 Bunge la Ulaya likaikataa kwa kura 648 dhidi ya 14. Nakubali kwamba anayetumia miaka na mali nyingi kutafuta dawa mpya ana sababu ya kudai hataza. Lakini programu hutengenezwa kama sentensi, kwa kuunganisha vipande vidogo ambavyo watu wengi huvifikia kila mmoja peke yake. Kumpa mtu mmoja miaka ishirini ya kumiliki kipande kama hicho ni kumuuzia kanuni ya sarufi.

Je, haya yanaihusu nini lugha yetu? Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Watafsiri hawakuhitaji kumbembeleza mwenye programu, kwa sababu msimbo ulikuwa wazi. Mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi wa Kenya, watu wachache walitengeneza Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa za wananchi na kuziweka kwenye ramani. Msimbo wake ulifunguliwa. Mwaka huohuo toleo lake lilitumiwa kwa ajili ya mashariki ya nchi yetu, na mwaka 2010 lilitumiwa katika tetemeko la Haiti, likiwa bado na jina lake la Kiswahili. Pale msimbo ulipo wazi, idara ya lugha inaweza kuanza kesho. Pale ulipofungwa, inangoja mwenye mali aone soko. Kiswahili bora huenda kikaonekana kuwa soko. Kiswahili cha Lubumbashi, cha Kolwezi au cha Likasi, nani atakiona?

Mji wetu una ushahidi wake wa zamani kuhusu swali hili, nao haumo katika kompyuta. Mwaka 1965 André Yav aliandika Vocabulaire de ville de Elisabethville, historia ya mji huu na ya watumishi wa nyumba za Wazungu, kwa Kiswahili cha mjini. Aliiandika kwa niaba ya chama cha watumishi wa zamani, ikapigwa chapa na kugawanywa kwa nakala chache. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyefundisha hapa Lubumbashi miaka ya 1970, aliichapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kalundi Mango, mtu wa hapa, aliisoma kwa sauti ili maandishi yale yasiyo na utaratibu thabiti wa nukta wala wa mipaka ya maneno yasikike kama yanavyosemwa. Baadaye matini yaliwekwa wazi kwenye intaneti. Mimi kitabu chenyewe sijakishika mkononi. Niliyasoma matini katika simu, nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nyumba yetu.

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la wale watumishi lilipona kwa sababu mtu alilinakili, mwingine akalisoma, mwingine akalifungulia wasomaji. Lakini tazama pia ugumu wake. Sheria inamtafuta mwandishi mmoja, na hapa wanaosema ni wengi: Yav, chama, wazee waliosimulia. Orodha yangu ni hivyohivyo. Jina la juu ni langu, sauti za ndani ni za mafundi.

Kuna pingamizi zito, na sitaki kulipita pembeni. Uwazi unaweza kuwa mlango wa mwenye nguvu. Katika mradi wa Common Voice wa Mozilla, watu wa kujitolea wametoa sauti zao kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo, chini ya CC0, tamko ambalo kwa hilo mtoaji habakizi haki yoyote. Kampuni tajiri ikizichukua na kuuza mashine inayosikia Kiswahili, haidaiwi hata kutaja walikotoka. Huko New Zealand redio ya Wamaori, Te Hiku Media, iliona hatari hiyo ikaandika leseni yake yenyewe, ili sauti za wazee zitumike kwa faida ya Wamaori kwanza. Katanga tunaielewa hofu hiyo bila kufafanuliwa. Tumeona shaba ikiondoka ghafi na kurudi kama waya wa kununua.

Nililipeleka swali hilo kwa fundi mkubwa wa gereji moja ya Katuba, ambaye maneno mengi ya orodha yalitoka kinywani mwake. Kabla sijamaliza kueleza, alinikata.

– Mutoto, hii maneno yote uliandika, utaenda kuuzisha?

– Hapana, papa. Nilikuya kuuliza kwanza.

Alifuta mikono kwa kitambaa, akafikiri.

– Andika majina yetu. Na kesho, mutoto yangu asilipe juu ya kusoma maneno ya baba yake.

Nimesoma kurasa nyingi za wanasheria kuhusu leseni, na sijaona muhtasari uliozidi huo. Jina libaki, mlango usifungwe. Sharti la kampuni lilivunja yote mawili. CC0 ingeacha mlango wazi na kulifuta jina. Nilichochagua ni leseni ya Creative Commons ambayo hutumiwa pia na Wikipedia ya Kiswahili: yeyote anaweza kunakili, kubadilisha, hata kuuza, ila ataje waliotangulia, na atakachokijenga juu ya kazi yetu akitoe kwa sharti lilelile. Kampuni ile inakaribishwa kama mtu mwingine yeyote. Ilipopewa jibu hilo haikuandika tena.

Sisemi kwamba uamuzi huo haukuwa na bei. Minervali naendelea kuilipa kidogokidogo, na nyumbani kuna walioniuliza kama nina akili timamu. Wana haki ya kuuliza. Leseni haijazi sufuria, na mwanafunzi wa isimu anayeuza kazi yake kwa bei ya haki hatendi dhambi. Ninachokataa ni kuuza kisicho changu peke yangu, kwa muda usio na mwisho, kwa mtu ambaye hatanijibu nikimwandikia kwamba fasili ya neno la tatu ina kasoro.

Kwa wasomaji wa jarida hili nina pendekezo lisilohitaji bajeti. Memwari zetu za kila mwaka zimejaa maneno, hadithi, methali na rekodi, kisha zinawekwa rafuni na kupata vumbi. Ukurasa wa pili wa kila memwari uwe na mistari mitatu: majina ya waliotupa maneno, kama wamekubali yatajwe, masharti ya kunakili, na mahali ambapo data itapatikana. Walimu wetu wanaweza kuendelea kuuza silabusi zao za karatasi, maana nao wana watoto wa kusomesha, lakini waturuhusu tusahihishe na kupanua mifano iliyomo, toleo la mwaka huu liwasaidie wa mwaka ujao. Orodha ya gereji imekwisha kuandikwa hivyo. Majina kumi na manne yako ukurasa wa pili, na nafasi imeachwa chini yake kwa watakaoongeza.