Kibombo: Mkataba wa shule unasema nini juu ya mtoto aliyekimbia vita?

Mwanzo wa mwaka wa masomo, mwezi wa tisa 2025, mama mmoja aliyekimbia vita alifika kwenye shule moja ya primeri katika teritware ya Kibombo, mkoa wa Maniema. Alimshika binti yake mkono. Mkono wa pili ulishika sashe ya plastiki, na ndani ya sashe kulikuwa na biletini ya mwaka wa nne iliyotoka Bukavu. Mji wa Bukavu ulipoanguka mikononi mwa M23 mwezi wa pili, mama huyu aliacha nyumba, vyombo, na kaye zote za mtoto. Biletini tu ndiyo iliyopona, kwa sababu ilikuwa pamoja na karatasi za ubatizo. Mtoto alikuwa katikati ya mwaka wa tano walipokimbia. Walifika Kindu kwa shida, kisha wakashuka Kibombo, pahali ambapo dada yake mkubwa ameolewa.

Direkta wa shule aliangalia biletini, akairudisha.

«Mama, hii ni shule ya konvansioni. Programu yetu ni ya hapa, ni ya kanisa letu. Huyu mtoto aanze tena mwaka wa tatu, azoee kwanza. Na kuna mchango wa kuingia.»

Mama akauliza kwa sauti ndogo kama anaweza kurudia mwaka wa tano, maana huo ndio aliouacha nusu. Direkta akasema konvansioni hairuhusu. Mama hakuwa amewahi kuiona hiyo konvansioni, basi hakuwa na neno la kujibu. Akashukuru, akarudi nyumbani. Njiani mtoto aliuliza kama kweli atakaa benchi moja na watoto wa umri wa mdogo wake. Mama hakumjibu.

Wazazi wengi wa Maniema wanalijua jambo hili, wenyeji na waliokimbia vita sawasawa. Neno «konvansioni» limeandikwa kwenye mabango ya shule: shule ya konvansioni ya Kikatoliki, ya Kiprotestanti, ya Kikimbangu, ya Kiislamu. Kila mtu analitamka. Wenye kujua limeandikwa nini ndani ni wachache, na asiyejua hana njia ya kubishana na anayesema anajua.

Jirani ya dada yake ni mzee mwalimu, amekwisha kustaafu. Alianza kufundisha kijana kabisa, siku za Zaire. Jioni ile alisikia habari, akamwita mama aketi.

«Mama, huo mkataba mimi niliishi ndani yake. Acha nikueleze.»

Akaanza mbali. Makubaliano ya shule katika Kongo ni ya zamani. Tarehe 26 mwezi wa tano 1906, wakati nchi ilikuwa bado mali ya mfalme Leopold II, Leta yake ilitia sahihi mkataba na Vatikani. Misioni za Kikatoliki zilipewa ardhi, hekta 100 hadi 200 kwa kila misioni, na zenyewe zikaahidi kufungua shule. Mkataba ule ulitaja mpaka masomo: kilimo, kazi za mikono, na lugha za Wabelgiji kama sehemu ya lazima. Programu ilipaswa kupelekwa kwa Gavana Mkuu, na masomo ya kufundishwa yapangwe kwa kupatana. Hivyo tangu mwanzo karatasi ya shule ilikuwa na watu wawili mezani, Leta na kanisa. Wazazi wa watoto hawakuitwa.

Kisha mzee akaja kwenye siku zake mwenyewe. Mwisho wa mwaka 1974, Mobutu alichukua shule zote za makanisa, zikawa za Leta. Somo la dini likafutwa, na mahali pake pakaingia somo la siasa ya chama, MPR. Mzee alifundisha somo hilo akiwa kijana, jina la Mobutu ubaoni mahali ambapo zamani aliandika sala. Miaka miwili haikuisha vizuri, Leta ikaona mzigo ni mzito: majengo, nidhamu, karatasi, mishahara. Ndipo tarehe 26 mwezi wa pili 1977 ukatiwa sahihi mkataba mpya kati ya Leta na makanisa: Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangu. Baadaye Waislamu nao wakaingia, na katika Maniema, ambamo Waislamu ni wengi, jambo hilo lilikuwa na uzito wake. Huo wa 1977 ndio mkataba wanaouita konvansioni mpaka leo.

«Sasa sikiliza vizuri nani alipewa nini,» mzee akasema.

Kanisa lilipewa kuongoza shule: kuweka madirekta na walimu, kulinda nidhamu, kutunza nyumba na mali ya shule, kufundisha dini na maadili. Leta ilibaki na yake: programu ya masomo, inspeksheni, mitihani na diploma. Na Leta ndiyo iliyoahidi kulipa mishahara ya walimu. Shule ya konvansioni ni shule ya Leta iliyokabidhiwa kwa kanisa iiongoze. Ni kama mtu amekupa funguo za nyumba yake: unafagia, unapanga viti, unafunga mlango usiku. Kuandika upya hati ya nyumba si kazi yako.

Mama akauliza: «Basi programu ya Bukavu na ya hapa?»

«Ni moja, mama. Ndiyo maana mwisho wa primeri watoto wa nchi nzima wanafanya mtihani mmoja wa taifa. Na mtihani wa Leta wa mwisho wa sekondari uko hivyo tangu 1967. Kama kila kanisa lingekuwa na programu yake, nani angesahihisha?»

Akaongeza neno juu ya lugha. Katika madarasa ya mwanzo watoto hufundishwa kwa lugha ya taifa ya eneo lao, Kifaransa kinaingia polepole. Kwa Bukavu lugha hiyo ni Kiswahili, kwa Kibombo pia ni Kiswahili. Mtoto anaweza kucheka namna watu wa Maniema wanavyotamka, lakini hesabu ya mwaka wa nne aliyosoma kule ni hesabu ya mwaka wa nne hapa.

Jambo hili linafaa lisikike na kila familia iliyokimbia. Watu hufikiri wameacha kila kitu nyuma. Nyumba imebaki, mbuzi wamebaki, mashamba yamebaki. Darasa la mtoto halikubaki. Karatasi ya 1977 haikuandikwa kwa ajili ya wakimbizi, waliotia sahihi walikuwa na mawazo mengine kabisa. Hata hivyo, kwa kuweka programu mikononi mwa Leta moja, ilimwezesha mtoto kutoka Bukavu hadi Kibombo na mwaka wake wa masomo kichwani.

Siku iliyofuata mzee alivaa koti, wakaenda pamoja. Alimsalimu direkta kwa heshima, maana alimfundisha akiwa mtoto. Hakwenda kugombana. Alimwomba tu watazame pamoja. Akataja Katiba ya 2006, ambayo ni kubwa kuliko mkataba wowote. Kifungu cha 43 kinasema masomo ya primeri katika shule za umma ni ya lazima na ni ya bure. Kifungu cha 45 kinasema kila mtu ana haki ya kuingia katika shule za taifa bila ubaguzi wa mahali anapotoka, wa kabila au rangi, wa dini, wa jinsia. Akataja pia sheria ya elimu ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014. Mtoto wa dini nyingine, mtoto wa Bukavu, mtoto wa hapa, wote wanaingia kwa mlango mmoja.

Direkta alinyamaza kidogo. Kisha akafungua kaye yake ya walimu na kuigeuza ili mzee aone.

«Mwalimu, wewe unanijua. Tazama majina haya. Hawa wanalipwa na Leta. Hawa hapa wanafundisha kila siku, na Leta haijawahi kuwalipa hata faranga. Niwaambie nini? Wanakula chaki?»

Hapo hata mzee hakuwa na jibu la haraka. Tangu mwaka wa masomo ulioanza mwezi wa tisa 2019, Leta imetangaza masomo ya primeri ni ya bure, na watoto wengi walirudi shuleni. Madarasa yakajaa. Lakini pahali pengi kuna walimu ambao bado hawako kwenye orodha ya malipo, na shule hurudi kwa wazazi chini ya majina mengine: mchango, msaada, kuingia. Mkataba una ahadi za pande mbili. Upande mmoja ukichelewa na yake, upande wa pili unaanza kutafuta pesa pahali penye urahisi, na penye urahisi ni kwa mama asiyejua karatasi inasema nini. Neno «programu yetu» na neno «mchango» vilitoka kinywa kimoja kwa sababu hiyo. Direkta hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na walimu wenye njaa na mgeni mbele yake.

Kueleza sababu hakufanyi jambo liwe la haki. Mwalimu asiyelipwa anamdai Leta iliyotia sahihi. Hamdai mtoto aliyelala njiani.

Walikubaliana hivi. Mtoto apimwe papo hapo, imla na hesabu, kwa kitabu cha mwaka wa tano. Aliketi kwenye benchi la biro ya direkta, miguu haifiki chini vizuri, akaandika. Imla ilikuwa na makosa kadhaa. Hesabu zote zilikuwa sawa isipokuwa moja ya sehemu, na hiyo direkta mwenyewe alimweleza ubaoni. Akaandikwa mwaka wa tano.

Mchango haukufutwa. Direkta alisema atalipeleka jambo la familia zilizokimbia kwa komite ya wazazi, na kwamba hakuna mtoto atakayefukuzwa darasani wakati jambo linangojea. Mama, kwa upande wake, aliahidi kuleta sombe kwa walimu siku atakapovuna katika kishamba alichopewa na shemeji yake. Hakuna aliyeiandika ahadi hiyo, lakini kila mmoja alijua ni ahadi.

Wazazi wenye kupitia njia hii wanaweza kubeba mambo machache. Ukiambiwa «konvansioni inakataza», omba uonyeshwe kifungu, kwa upole, na ikiwezekana nenda na mtu anayesoma Kifaransa. Ukiwa na biletini, itunze kama unavyotunza karatasi ya kuzaliwa. Usipokuwa nayo, omba mtoto apimwe kwa kitabu cha darasa alilofikia. Jambo likishindikana shuleni, kuna komite ya wazazi, kuna ofisi ya kanisa inayosimamia shule zake, kuna inspekta na ofisi ya elimu ya Leta. Walimu nao wakidai haki yao kwa Leta, wazazi wasikae kimya, kwa maana deni lile likilipwa hakuna atakayebaki na sababu ya kusimama mlangoni na mkono wazi.

Siku ya kwanza ya darasa, mama alimsindikiza binti hadi kwenye ua wa shule. Alitaka kumwachia biletini ndani ya sashe yake. Direkta akamwambia airudishe nyumbani, namba zimekwisha kuandikwa kwenye kitabu cha shule. Mama akaikunja sashe vizuri, akaificha chini ya kitenge, akaenda shambani.