LAKI NA NUSU, MASIKIO MAWILI: Dada wa Mbagala alivyochagua hedifoni yake ya kila siku

Siku hizi mjini ukitaka kujua mtu yupo levo gani usihangaike kuangalia viatu, angalia masikioni. Kuna wa waya mweupe uliogeuka rangi ya chai, kuna wa vile vidude vidogo visivyo na waya, halafu kuna wale wa mahedifoni makubwa yanayoning'inia shingoni hata simu ikiwa imezima chaji. Hedifoni imekuwa kama saa au cheni, inavaliwa ionekane. Ndio maana uamuzi wa dada mmoja wa Mbagala umezua mjadala kwa watu wake wa karibu. Hela ya kuonekana alikuwa nayo, ila akafanya vingine kabisa.

Jina lake libaki pembeni. Ana miaka 24, anapokea simu za wateja kwenye ofisi moja maeneo ya Posta, siku sita kwa wiki. Anaishi na mama yake. Asubuhi basi saa moja na nusu, jioni saa moja na nusu nyingine, na foleni ya Kilwa Road ikiamua kuzingua ndio hata usiulize. Kwa hiyo ni saa tatu kila siku za kukaa au kusimama ndani ya gari, injini inanguruma, konda anapiga kelele, dereva amefungulia redio yake. Katikati ya vurugu zote hizo yeye anataka kusikiliza taarabu yake, Bongo Fleva yake na mawaidha ya Ijumaa.

Miaka yote alikuwa mteja wa iafoni za dirishani, zile wanazopitisha machinga kwenye foleni. Unanunua Jumatatu, wiki ya pili upande mmoja umekufa, unaanza kukunja waya pale shingoni mwa pini ukitafuta pozi ambalo sauti inarudi. Kila mwenye simu ameshapitia hayo. Tatizo kubwa ni kwamba iafoni za namna ile hazizibi sikio vizuri, kelele za nje zinaingia zote. Sasa mtu anafanyaje? Anapandisha sauti mpaka mwisho. Simu inatoa onyo, yeye anabonyeza "sawa" bila hata kusoma.

Mpaka jioni moja aliposhuka kituoni, akavua iafoni, na sikio la kushoto likaendelea kulia peke yake. Mlio mwembamba kama wa mbu. Alikula nao, akaswali nao, akalala nao. Asubuhi ulikuwa umeisha, na hakumwambia mtu.

Kilichomtisha siyo mbu yule. Kilichomtisha ni mama yake.

Mama huyu ujana wake aliumalizia kwenye kiwanda cha nguo, upande wa mashine za kufuma, miaka ambayo mtu kufunika masikio kazini ilionekana ni kujidai. Leo televisheni ya nyumbani kwao inasikika mpaka kwa jirani wa tatu. Ukimuuliza "mama, umekula?" anaweza kukujibu "amesafiri jana." Watoto wa mtaani wanacheka. Yeye mwenyewe amejifunza kucheka pale wengine wanapocheka, hata kama hajasikia kilichosemwa. Wenye wazazi wa hivyo wanajua hicho kicheko kinavyouma.

Basi binti akaanza kuweka hela kimya kimya. Elfu tano, elfu kumi, mpaka ikafika laki na nusu. Akatangaza nyumbani na kwa washikaji zake kwamba anatafuta hedifoni moja tu, ya kazi zote, ya kudumu. Hapo ndipo kila mtu alipogeuka mtaalamu.

Wa kwanza alikuwa mchumba wake. Huyu akili yake yote ilikuwa kwenye hedifoni kubwa za kufunika sikio zima, zile wanazopigia picha wasanii. "Mama, wewe chukua ile kubwa, mimi naongeza laki. Ukitupia picha na ule ushungi wako mweusi, watu wataelewa tu." Ofa nzuri, mwanaume anatoa hela yake mwenyewe. Wengi wangeshapokea na kushukuru.

Wa pili ni kaka wa jirani anayerekodi vijana kwenye chumba chake. Yeye alisema asidanganywe na mambo ya kuchaji, achukue ya waya, ya studio. Akamtajia Sony MDR-7506, ambayo imekuwa sokoni tangu 1991 na hadi leo inaonekana kwenye studio na vituo vya redio vya nchi nyingi. Hapo kaka alikuwa na hoja. Hedifoni za aina ile zinakupa sauti ilivyo bila kuipamba kwa besi, hazina betri ya kufa, na zikichakaa vitambaa vya masikioni unabadilisha. Lakini waya wake ni ule wa kujikunja kama wa simu ya mezani ya zamani. Mtu amesimama kwenye basi la Mbagala saa kumi na mbili asubuhi na waya ule, akishuka anaweza kumburuta abiria mwingine. Halafu simu ya dada haina tundu la pini. Tangu Apple walipoliondoa kwenye iPhone 7 mwaka 2016, kampuni nyingi nyingine zilifuata njia hiyo hiyo, na ukitaka kutumia waya lazima ununue kiunganishi pembeni.

Wa tatu ni mdogo wake wa kiume, yuko kidato cha nne. Huyu alisema kwa kifupi: "Dada, chukua vile vidogo." Alimaanisha vile ambavyo mtaani vyote vinaitwa AirPods hata kama Apple wenyewe hawavijui. Wakubwa wakamcheka, wakamwambia vile vinaanguka na kupotea.

Dada akawasikiliza wote, akashukuru, kisha akafanya kitu ambacho wengi hatufanyi kabla ya kununua. Akajiuliza hii hedifoni itavaliwa wapi na itapambana na nini.

Akaanza na sauti. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya vijana bilioni moja duniani wapo kwenye hatari ya kuharibu usikivu kwa sababu ya namna wanavyosikiliza muziki na burudani. Kipimo chao ni rahisi kukumbuka. Sauti ya desibeli 80 unaweza kuisikiliza hadi saa 40 kwa wiki. Ikipanda kufika desibeli 90, saa zinashuka mpaka nne tu kwa wiki nzima. Ongezeko dogo linakula muda mwingi, kwa sababu kila desibeli tatu zinazoongezeka zinakata muda wako nusu.

Sasa piga hesabu ya Mbagala. Saa tatu kwa siku, siku sita, jumla saa 18. Kwa desibeli 80 yuko salama na chenji inabaki. Kwa desibeli 90, saa zake nne za wiki zinaisha Jumanne asubuhi, akiwa hata kazini hajafika. Siku zote zilizobaki anakopa kwenye masikio yake mwenyewe, na deni la sikio halina msamaha.

Kwa hiyo swali lake likabadilika. Likawa siyo "ipi ina besi kali" wala "ipi ina jina." Likawa: ipi itamfanya asikie vizuri huku sauti ikiwa chini?

Jibu lake ni kuzuia kelele za nje zisiingie. Njia ya kwanza ni kuziba sikio tu, kama kidole. Njia ya pili ni ile teknolojia ya kuzima kelele. Maikrofoni ndogo inasikiliza kelele za nje, kifaa kinatengeneza wimbi la sauti lililo kinyume chake, mawimbi mawili yanakutana yanamalizana. Amar Bose, yule mhandisi wa Marekani, alianza kuipigia hesabu mwaka 1978 akiwa ndani ya ndege kutoka Zurich, baada ya kelele za injini kumnyima raha ya muziki. Mwaka 1989 kampuni yake ikaanza kuuza hedifoni za namna hiyo kwa ajili ya marubani. Leo imeshuka mpaka kwenye vidude vya bei ya kawaida. Uzuri wake ni kwamba inaua vizuri ngurumo nzito zinazoendelea bila kukatika, na injini ya basi ndio hivyo hivyo. Sauti ya konda haiui yote, lakini konda ananyamaza, injini hainyamazi.

Kitu cha mwisho ni ushungi, na hapa ndipo hedifoni kubwa ya mchumba ilipofia. Hedifoni ya kufunika sikio inafanya kazi ikigusana na ngozi pande zote. Ukiweka kitambaa katikati, panabaki upenyo, kelele zinapita, besi inapungua, na unarudi pale pale kwenye kupandisha sauti. Na kuvaa chini ya ushungi haiwezekani, kichwa kitakuwa kama umebeba sufuria. Mdogo wake wa kidato cha nne, aliyechekwa na wote, ndiye aliyekuwa sahihi. Vidogo vinakaa chini ya ushungi, kitambaa kinavizuia visidondoke, na kibaka wa dirishani haoni kitu.

Akaenda Kariakoo mchana wa Jumamosi. Muuzaji akamuwekea boksi la jina kubwa kwa bei ya kutupa. "Dada yangu hii oji kabisa, chukua hutajuta." Akamjibu, "Kaka, niwashie nisikie kwanza." Akatoka nayo mpaka barazani, kwenye kelele za mikokoteni na pikipiki, akaweka sauti nusu. Hakusikia maneno ya wimbo. Akarudisha. Akajaribu nyingine isiyo na jina la kujivunia, ila yenye kuzima kelele na saizi tatu za mipira ya masikio. Saizi ya kati ikalegea, ndogo ikachomoka, kubwa ikakaa. Akarudi barazani, sauti nusu ile ile, akasikia mpaka mwimbaji anavyovuta pumzi. Elfu themanini na tano. Akaomba risiti na dhamana, akalipa.

Mchumba alinuna siku mbili. Alisema amekataliwa zawadi. Dada akamwambia kwa upole, "Mpenzi, hujakataliwa wewe. Nimekataa kupiga picha na kitu kisichonisaidia." Wapo marafiki wa mwanaume wanaosema hayo ni maringo, kwamba mwanaume akitoa laki mpokee, mengine mtaongea ndani. Wapo wanaosema mwanamke anayejua anachotaka ndiye wa kuoa. Mjadala bado unaendelea.

Lakini stori haikuishia kwenye boksi. Kwenye ile laki na nusu ilibaki elfu sitini na tano, na hiyo ndiyo hela aliyokuwa anaiwaza muda wote. Akamwambia mama yake waende hospitali kupima masikio. Mama akakataa. "Mwanangu, mimi si kiziwi. Nyie ndio mnaongea chini chini." Ilichukua wiki mbili za kubembeleza, na siku ya safari mama akavaa kanga mpya kana kwamba anakwenda harusini.

Wakakuta nta nyingi imeziba sikio la kulia. Ikatolewa, na mama akashtuka kusikia feni ya chumba cha daktari. Ila na habari nyingine akapewa. Ndani kabisa ya sikio kuna chembe zenye vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti, na kwa binadamu zikishakufa haziotishi nyingine. Zile zilizoondoka na mashine za kiwandani zimeondoka. Kilichobaki ni kulinda zilizopo na kufikiria kifaa cha kumsaidia kusikia, ambacho bei yake haigusiki kwa mshahara wa kupokea simu, angalau kwa mwaka huu. Binti ameanza tena kuweka elfu tano tano.

Sasa hivi utaratibu wake upo hivi. Sauti haivuki nusu. Akitaka kushuka anatoa vyote viwili kabla ya kituo, maana bodaboda hawapigi honi kwa adabu. Kazini anavua kabisa, masikio yapumzike kabla ya simu za wateja. Akifika nyumbani vinaingia kwenye kiboksi chake vinachajiwa, kwa sababu mama akiwa anaongea anataka kuangaliwa usoni na kujibiwa, na yeye anataka kusikia.

Mdau, kama unatafuta hedifoni yako kuu, jiulize utaivalia wapi kabla hujauliza bei. Jaribu kwenye kelele, usijaribu kwenye duka lenye utulivu. Kama mlio wa mbu umeshakutembelea na unarudi mara kwa mara, nenda ukapimwe, usisubiri.

Na kuhusu ile laki ya mchumba: ungekuwa wewe, ungepokea? Dondosha maoni yako hapo chini, bila matusi.