Pesa Zilipoingia Siaya

Sisi tuliosoma uchumi Kenya mwanzoni mwa miaka ya tisini tulifunzwa na mwaka 1993. Pesa nyingi zilikuwa zimemwagwa kuelekea uchaguzi wa Desemba 1992, hata noti ya shilingi 500 ikabatizwa mitaani jina la mwanasiasa mmoja wa kampeni hizo. Mfumuko wa bei ukafika takriban asilimia 46. Mama alikuwa akiingia dukani asubuhi akikuta bei ya unga si ile ya juzi. Hatukuhitaji profesa wa kutueleza kwamba pesa zikizidi bidhaa, bei hupanda.

Nilipoanza kufundisha somo la biashara sekondari, hilo ndilo nililowapa wanafunzi. Kisha ukaja mwaka 2011: ukame, mafuta ghali, shilingi ikiporomoka. Benki Kuu ikapandisha riba yake ya msingi kutoka asilimia 7 mwezi Septemba hadi 18 Desemba, na walimu wenzangu waliokuwa na mikopo wakaumia. Kuanzia hapo mazungumzo ya majilisi yetu yakawa ya riba.

Ila utafiti wa uchumi ulionigusa kuliko wote haukuhusu riba; ulitoka vijijini, Alego, Ugunja na Ukwala katika kaunti ya Siaya. Dennis Egger, Johannes Haushofer, Edward Miguel, Paul Niehaus na Michael Walker walifuatilia vijiji 653, na katika baadhi yake shirika la GiveDirectly liligawa takriban dola 1,000 kwa kila kaya maskini, hasa zilizoezeka nyumba kwa nyasi. Vijiji vya kupokea vilichaguliwa kwa bahati nasibu. Pesa hizo zilikuwa zaidi ya asilimia 15 ya pato la maeneo hayo. Kwa hesabu ya 1993, bei zingeruka. Zilipanda kwa wastani wa asilimia 0.1 tu! Tena majirani ambao hawakupewa hata senti nao waliongeza matumizi yao, na kila dola iliyoingia ikazaa zaidi ya dola mbili za shughuli za uchumi.

Sababu anaijua yeyote aliyekaa soko la kijijini. Mashine ya kusaga mahindi hushinda kimya ikingoja mteja. Kinyozi husinzia kitini. Fundi cherehani hupata nguo moja kwa siku. Wateja wakiongezeka, watu hawa hufanya kazi zaidi kwa mtambo uleule na kodi ileile ya kibanda, bila haja ya kupandisha bei. Mwaka 1993 pesa ziliongezeka nchi nzima huku dola zikiadimika na uzalishaji ukiyumba. Siaya pesa zilitoka nje, zikawafikia wenye mahitaji, mahali penye nguvu kazi isiyotumika. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022 katika jarida la Econometrica, na kwangu hiyo ni kazi muhimu kuliko mijadala mingi ya riba inayojaza magazeti, kwa kuwa imepima uchumi wa watu ambao takwimu za benki huwapita.

Tofauti hiyo haimpi waziri ruhusa ya kuchapa noti. Lakini kila bajeti inapojadiliwa, humsikia mtu akisema kuwaongezea maskini pesa ni kupandisha bei. Mpango wa serikali wa Inua Jamii, kwa mfano, huwapa wazee wetu shilingi 2,000 kwa mwezi. Waheshimiwa wabunge, kabla ya kuitaja hofu hiyo tena, someni kwanza yaliyopimwa Siaya.